Mtungi Namba Kumi na Saba

Hilda aliingia ndani na beseni la maji ya vuguvugu, akakuta mtoto wake ameshaogeshwa.

Kilian, mwenye miezi kumi, alikuwa amekaa uchi kwenye mkeka, nywele zimelala kichwani kwa maji. Hilda alimgusa shingo. Ilikuwa ya baridi, na mtoto alinuka tope la ziwa. Nguo zake zilikuwa pembeni, zimekunjwa vizuri, mikono imeingizwa ndani. Hilda hakuwahi kukunja nguo namna hiyo.

Alitoka nje. Mama mkwe wake, Walburga, alikuwa anageuza dagaa wa usipa kwenye chanja.

"Mama, umemwogesha Kilian?"

"Nimwogeshe saa ngapi? Mikono yangu inanuka samaki tangu alfajiri. Ningemwogesha mimi, paka wote wa kijiji hiki cha Lundo wangekuwa wanamfuata."

Hilda alicheka kidogo, akarudi ndani. Mlango wa nyuma, unaotazama ziwa, ulikuwa wazi. Alikumbuka vizuri kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga.

Karibu na mlango huo ulikaa mtungi wa udongo uliofungwa kadi shingoni. Kadi iliandikwa 17, na chini yake neno "mzima". Juzi yake, mtu wa makumbusho ya taifa aitwaye Thabiti alipita kijijini akiandikisha vitu vya kale vya watu wa ziwani ili vipelekwe Dar es Salaam. Baada ya misa ya Jumapili ilikuwa imetangazwa kwamba vinatakiwa vitu vizima tu, na kila anayetoa kitu ataandikwa jina kwenye kadi kando ya kioo. Hilda alikuwa anaona haya hata kusimama mbele kusoma somo kanisani. Lakini jambo hilo alilitamani: jina lake lisomwe na watu asiowajua, yeye akiwa mbali.

Mtungi aliuokota ufukweni, mahali ambapo ziwa lilipanda na kumega udongo. Ulikuwa mweusi, wenye mdomo mpana na michoro shingoni. Ulikuwa na kasoro moja tu, tundu la duara kitakoni, la kuingia kidole. Hilda alizaliwa Litembo, milimani kwenye kahawa, na kule mama yake aliziba vyungu kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na masizi. Naye akafanya vivyo hivyo. Alilainisha kwa mgongo wa kijiko mpaka yeye mwenyewe hakuliona tena lile tundu.

Thabiti aliugeuzageuza mtungi juani. "Dada, haujatengenezwa popote?"

"Ndivyo nilivyouokota," Hilda alijibu, akitazama miguu yake.

Thabiti akafunga namba, akaandika kwenye daftari, akampa Hilda atie sahihi. "Basi kuanzia sasa ni mali ya taifa. Usiutumie, usiuoshe, usiuguse. Naenda Lituhi. Ijumaa gari litapita kuuchukua."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mtoto alikutwa ameogeshwa Jumatano.

Alhamisi, jua likiwa utosini, Hilda alikuwa jikoni nje akisonga ugali aliposikia maji yanachotwa ndani ya nyumba. Yanachotwa, yanamwagwa taratibu. Kisha akasikia mwanamke anaimba kwa mdomo uliofungwa, wimbo wa kubembeleza usio na maneno, na Kilian anacheka.

Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akakimbia.

Hapakuwa na mtu. Kilian alikuwa kwenye mkeka, amelowa. Nyayo nyembamba za maji zilitoka mlango wa nyuma mpaka pale alipokaa mtoto. Hilda alizitafuta nyayo za kurudi, hakuziona. Mtungi, aliouacha mkavu, ulikuwa umejaa mpaka shingoni, na maji yake yalikuwa bado yanacheza kama vile mkono umetolewa humo sasa hivi.

Alimnyakua mtoto akamweka kifuani anyonye. Kilian aligeuza uso. Alikuwa ameshiba. Pembeni ya mdomo wake palikuwa na maziwa, na maziwa yale yalinuka tope.

Walburga aliyanusa, akakaa chini polepole.

"Toka lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Jana, mama."

"Ndiyo maana hajalia. Mtoto wa mwanangu Nicholaus siku nzima halii, mimi najisemea leo tumepumzika!" Alijaribu kucheka, hakuweza. "Huo mtungi uliutoa kwetu huku ziwani?"

"Ufukweni."

"Ulikuwa na tundu?"

Hilda alifungua mdomo. Aliikumbuka sahihi aliyoweka kwenye daftari la serikali, na uongo aliomwambia mgeni. Mume wake Nicholaus alikuwa kwenye kambi ya uvuvi, hapakuwa na wa kumtetea.

"Haukuwa nalo," alisema.

Walburga alichukua rozari yake ukutani. Usiku ule walilala kwa jirani, mtoto katikati yao, na hakuna kilichotokea.

Ijumaa saa sita mchana gari la makumbusho lilisimama uwanjani. Hilda alikuwa amerudi nyumbani kuufungia mtungi gunia. Alimwacha Kilian kitandani amelala usingizi, akatoka kumpokea mgeni, hatua kumi tu.

"Shikamoo, bibi," Thabiti alimwamkia Walburga.

"Marahaba. Ninyi watu wa Dar, mnachukua vitu vya wazee wetu mnavipanga kwenye vioo kama maandazi."

Thabiti alicheka. "Maandazi yasiyoliwa, bibi. Na mimi si wa Dar, kwetu ni Mbinga mjini, babu yangu alikuja na duka lake kutoka Kilwa."

Ndipo waliposikia, kutoka ndani ya nyumba, kitu kizito kinazama majini.

Hilda alifika wa kwanza. Kilian hakuwa kitandani. Alikuwa ameinamishwa juu ya mtungi, kichwa na mabega vimo ndani, miguu inaning'inia, na miguu ile haikurushwa wala kutetemeka, ilitulia kama ya mtoto aliyeshikwa na mtu anayemwamini. Hilda alimvuta. Kitu kilimvuta mtoto upande wa pili. Alivuta tena kwa nguvu zake zote, akaanguka naye chali, na Kilian akatapika maji ya kijani, tumbo limekaza kama ngoma, midomo ya bluu.

"Nililiziba!" Hilda alilia. "Mama, lilikuwepo tundu! Nililiziba kwa nta!"

Walburga alishika kichwa. "Mwanangu, umetuua! Sisi huku mama akifa mtungi wake hutobolewa kitakoni ukawekwa kaburini, ajue kazi ya maji imekwisha, asirudi kuogesha wala kupikia. Wewe umemrudisha kazini! Ametafuta mtoto wa kumwogesha, amempata huyu."

"Tuupakie, tuuondoe hapa," Hilda alimsihi Thabiti.

"Ukiondoka umezibwa hivyo," Walburga alisema, "yeye atabaki hapa, hana kaburi, na mtoto ameshamnyonyesha. Toboa. Utoboe wewe uliyeziba."

Hilda alimtazama Thabiti. "Ni mali ya taifa. Utanifunga?"

Thabiti alikuwa amekauka mlangoni. Alikuwa anatazama sakafu. "Kule ghalani," alisema kwa kunong'ona, "tuna mitungi rafu kwa rafu, mingine iliingia toka enzi za Wajerumani. Kadi za kwanza zilisema imevunjika. Mzee aliyenifundisha kazi aliziandika upya: imetobolewa. Akaniambia tundu la kitakoni usilizibe hata wakikuahidi cheo. Toboa, dada. Toboa haraka, anakuja."

Nyayo za maji zilikuwa zinaingia kutoka mlango wa nyuma, mchana kweupe, moja, halafu nyingine, bila miguu juu yake.

Hilda alimpa Walburga mtoto, akang'oa msumari mrefu ukutani, akaulaza mtungi magotini pake, na maji yaliyomwagika yakamlowesha mpaka kiunoni lakini mtungi haukuisha kujaa, akachokonoa ile nta aliyoilainisha kwa fahari yake mwenyewe, na nta ikakataa, ikawa ngumu kama mfupa, na harufu ya tope ikaja ikasimama nyuma yake, karibu kabisa, akahisi matone ya baridi yanamdondokea shingoni na nywele ndefu zilizolowa zinamgusa bega, na mkono mwembamba ukaja juu ya mkono wake ulioshika msumari, haukumpiga, haukumkwaruza, ulimshika tu kumzuia, kama mama anavyomzuia mwenzake asimwamshe mtoto.

"Mama," Hilda alisema, akilia, bila kugeuka. "Umefanya kazi vizuri. Amekuwa msafi. Ameshiba. Lakini huyu ana mama yake. Pumzika, mama. Nisamehe, pumzika."

Ule mkono ulilegea. Msumari ukapita.

Maji yalitoka tunduni yakaendelea kutoka, mengi kuliko mitungi kumi, yakapita chini ya mlango wa nyuma na kuteremka mchangani kuelekea ziwani. Yalipokwisha, nyumba ilinuka usipa tu.

Na Kilian akalia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Alilia kwa njaa. Hilda alimweka kifuani, na alipohisi anavuta maziwa, yeye mwenyewe alilia zaidi ya mtoto. Walburga aliwafunika wote wawili kwa khanga moja, akisema, "Lia, baba, lia, tupigie kelele kijiji kizima."

Thabiti alifuta neno "mzima" kwenye kadi, akaandika: "Umetobolewa makusudi. Usizibwe." Mwandiko wake ulikuwa umepinda. Alifunga mtungi kwa gunia, akaupakia nyuma, akaaga bila kumpa mtu mkono.

Gari lilipowashwa, Hilda alikuwa amesimama uwanjani, mtoto bado ananyonya. Kilian aliliachia titi. Aligeuza shingo kutazama gari linavyoondoka, akanyoosha mikono yote miwili, na akatamka neno la kwanza maishani mwake, wazi kabisa.

"Mama."

Hilda alimgeuza uso taratibu. "Niko hapa, baba. Mama niko hapa."

Mtoto alimsukuma kifuani kwa viganja, akaendelea kulitazama vumbi la gari, akalia.