Barua Baada ya Tangazo la Pili

"Ni Gervasi! Nani mwingine ana roho mbaya hivyo hapa Ulyankulu?"

Mzee Leonadi alitupa fungu la tumbaku chini, majani yakatawanyika.

"Baba, huna ushahidi," Rustika alisema bila kuinua macho. Vidole vyake, vyeusi kwa utomvu, viliendelea kutunga majani kwenye ufito.

"Ushahidi gani? Alikutaka, ukamkataa. Sasa tangazo la pili la ndoa limesomwa, mara barua isiyo na jina imo kwenye sanduku la kanisa! Eti Emilian anafanya kazi kwenye mtambo wa nyuklia, eti mionzi imemharibu, hatazaa, na anaficha. Wanakwaya wameshamtimua huyo Gervasi. Na hakuna jirani atakayekwenda kumsaidia kutunga tumbaku yake. Ioze!"

Rustika alitunga jani jingine. Barua ile aliiandika yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Msimrukie bado. Msikieni kwanza.

Emilian alikuwa kijana wa parokia ile ile. Alipelekwa ng'ambo kusomea umeme wa nyuklia, akabaki huko kujifunza kazi mtamboni, ili siku nchi yetu ikiamua kujenga wa kwake asikute kazi ni ngeni. Rustika alimpenda tangu shule, na kumpenda hakujawahi kuwa shida. Shida ilikuwa simu. Kila alipouliza, "Hiyo kazi si hatari?" Emilian alicheka.

"Ni salama, mpenzi. Usiogope."

Mlango ukafungwa hapo. Mara moja tu ulimi ulimteleza. Alisema kifaa anachovaa kifuani kupima mionzi kilipanda kuliko kawaida, akapumzishwa siku tatu. "Mambo ya kazi tu," akasema, akacheka tena. Rustika hakupata usingizi siku zote tatu.

Halafu Emilian akaja likizo, na mambo yakaenda mbio. Mahari ikapokelewa, gauni likapelekwa kwa fundi. Ndoa ilikuwa ifungwe Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, na baada ya hapo aondoke na mumewe. Binti aliyekwisha kuliwa mahari anaanzaje kusema "naogopa"? Angemvua baba yake nguo hadharani. Ndipo akaona bora barua iseme badala yake. Alidhani Padri atauliza maswali kimya kimya na ndoa itasogea mbele. Hakuwaza kwamba kijiji kitamtafuta mwenye kosa, na kwamba kitampata Gervasi.

Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa gauni.

*Padri kanionyesha barua. Nakuja hapo kwenu saa kumi.*

Emilian alimkuta nyuma ya bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, akisukumia kuni kwenye tanuri. Alitoa simu, akasoma picha ya barua taratibu.

"'Alipumzishwa siku tatu baada ya kipimo chake kupanda.' Rustika, hilo nilimwambia mtu mmoja tu duniani."

Rustika aliangusha kuni. Akakaa juu ya gogo.

"Umemwambia Padri?"

"Nimemwambia simjui aliyeandika. Nimempa na vipimo vyangu vya hospitali, sina tatizo. Jumapili tangazo la tatu litasomwa, Jumamosi tunaoana, tunaondoka."

"Na Gervasi?"

"Watu husahau."

"Hutaniuliza kwa nini niliandika?"

"Ya nini? Nimeshakusamehe." Alionyesha moshi wa bani kwa kidole. "Tazama huu moshi. Mnamaliza pori lote kwa kuni, mnatapika kwa sumu ya tumbaku mbichi kila mavuno, hamsemi hatari. Mtambo wetu hautoi hata moshi. Ni salama, Rustika. Usiogope."

Maneno yale yale! Rustika alinyanyuka kutoka kwenye gogo. Kumbe mtu anaweza kusamehewa na bado akabaki kifungoni.

"Tumbaku naijua, Emilian. Najua itaniumiza wapi na lini. Yako naambiwa nisiiulize."

Emilian akatazama saa yake. Akasema wataongea baada ya harusi.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje, maana umbea nao una mvuto wake. Gervasi alikaa benchi zima peke yake. Padri Sixbert akasoma majina, akamalizia kama ilivyo desturi:

"Anayejua kizuizi chochote, anao wajibu wa kutoa taarifa."

Rustika alisimama.

"Padri, ile barua niliandika mimi."

"Mana yanje! Mungu wangu!" Mzee Leonadi alishika kichwa.

"Gervasi hana kosa. Nilijua anaonewa nikanyamaza. Emilian sijawahi kumwona na ubaya. Niliogopa tu, na sikupata pa kuisemea hofu yangu." Akamgeukia Gervasi, machozi yakimtiririka. "Kaka, nisamehe."

Gervasi alisimama.

"Nusu ya tumbaku yangu imeozea shambani, Rustika."

Akaketi. Emilian alinyanyuka, akatoka nje bila kumtazama mtu. Padri akafunga daftari la matangazo, na ndoa ya Jumamosi ikawa imeahirishwa.

Kesho yake alfajiri Rustika alikuwa kwa Gervasi akitunga majani yaliyosalimika. Baba yake hakuwa amemsemesha tangu kanisani. Majirani wawili walifika, wakasalimia kwa aibu, wakachukua fito. Kabla ya saa sita simu ikaita.

"Niko stesheni Tabora," Emilian alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Niambie. Ungeniuliza nini, kama nisingekuwa nacheka?"

Rustika alikwenda pembeni.

"Taka za ule mtambo mnaziweka wapi?"

Alisubiri kicheko. Hakikuja.

"Mafuta yaliyotumika, yaani vijiti vya urani, yanakaa kwenye maji miaka kadhaa, halafu yanafungiwa kwenye makasha ya chuma na zege, pale pale mtamboni. Pa kuyazika milele, nchi nyingi bado zinabishana. Hatari yake inadumu maelfu ya miaka. Sina jibu zuri la hilo, Rustika."

"Na zile siku tatu?"

"Niliogopa. Kipimo kilikuwa chini ya kiwango kinachokatazwa, lakini usiku nililia. Kukuambia wewe nikaona haya."

Rustika akaanza kulia, na kifua chake kikafunguka kwa mara ya kwanza tangu mahari ipokelewe. Si kwamba hofu iliisha. Ila sasa walikuwa nayo wawili.

"Treni yako saa ngapi?"

"Imeshaondoka. Mimi nimekaa na begi langu. Nimempigia Padri, anasema matangazo yanaweza kuanza upya baada ya Pasaka, ukitaka. Nitaomba ruhusa kazini nirudi wakati huo. Una swali lingine?"

Rustika aligeuka. Gervasi alikuwa ameinama peke yake juu ya rundo la majani.

"Ninayo mengi," alisema, akifuta uso kwa kiwiko maana viganja vilijaa utomvu. "Lakini wewe nawe ulitaka Gervasi abebe mzigo wangu. Njoo kwanza umtungie tumbaku. Nitakuuliza tukiwa kazini."

"Nakuja," Emilian akasema. Safari hii hakuongeza "usiogope".