Shamba Lililofagiliwa

Miti ya kahawa ya Pélagie ilikataa kukua. Ilikuwa na miaka minne ardhini, lakini ilimfika kifuani tu. Majani yake yalikuwa ya manjano. Maua yalitoka machache, yakaanguka kabla ya kushika punje. Na bila kahawa, Anaclet hangerudi.

Anaclet alikuwa mume wake. Nyumba yao ilikuwa Alunguli, ng'ambo ya mto, ikitazamana na Kindu. Wakati ule wa Wabelgiji kila mwanamume alidaiwa kodi. Asiye na kitu cha kuuza alikwenda kuitafuta mbali. Anaclet alikwenda Pangi, kwenye machimbo ya bati. Kabla ya kuondoka alipanda kahawa nyuma ya nyumba. Alipomaliza mche wa mwisho, alipangusa mikono, akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambacho "ndiyo" hutamkwa "njo":

"Hii kahawa ikizaa, njo italipa kodi. Mimi nitarudi, sitatoka tena. Uiangalie muzuri."

Pélagie aliiangalia. Kila Jumamosi, kabla jua halijawaka, alishika jembe akalima kati ya mistari. Alilima kwa nguvu, mpaka shinani. Kila jani lililoanguka aliliokota, akalichoma. Kisha alichukua ufagio wa uwanjani, akafagia shamba. Ndiyo, alifagia shamba. Kwao, mwanamke mwenye majani uwanjani huitwa mvivu. Na mwanamke ambaye mume wake hayuko, watu humtazama mara mbili.

Wapita njia walisimama kumsifu.

"Ee, Mama Zawadi! Hapa muntu anaweza kula bugali chini, bila sahani!"

Zawadi alikuwa binti yake. Alizaliwa baada ya lori kumchukua baba yake. Hakumjua kwa sura, alimjua kwa kofia iliyotundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Pélagie aliipangusa vumbi kofia hiyo kila asubuhi. Na jioni, alipopakua bugali, mkono wake ulimega fungu la Anaclet kwa mazoea. Akikumbuka, alilirudisha sufuriani polepole, mtoto asione.

Habari za Pangi zililetwa na Désiré, dereva wa lori.

"Anaclet anakusalimia," alisema siku moja, akining'iniza mkono nje ya dirisha. "Anauliza, kahawa iko namna gani?"

"Umwambie inakuja."

"Mwaka jana ulinipa neno hilohilo."

"Basi neno linajua njia. Ulipeleke tena."

Désiré alicheka, akawasha lori. Pélagie alibaki barabarani mpaka vumbi likatulia.

Nyuma yake, Mama Euphrasie, mama mkwe wake, alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, kwenye kiti kifupi.

"Mie nakuambia, hii miti inakuogopa," alisema. "Ikikuona na jembe, inarudi chini."

"Mama, usinichokoze leo."

"Sikuchokozi. Natazama tu. Miti ya jirani, ule mulevi asiyelima kitu, inapita kichwa chake. Ya kwako iko sawa watoto waliopigwa."

Mwanzoni mwa mvua alifika Sumaili, munita wa kilimo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashamba na kuwafundisha wakulima. Alikuwa mtu wa Kasongo, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, na hakujua kusema kwa kuzungukazunguka. Pélagie alisimama kando ya shamba lake safi, akingoja sifa.

Sumaili alichutama. Alisukuma kidole ardhini. Kidole kilipita vumbi la juu tu, kikakwama. Chini yake ardhi ilikuwa ngumu kama tofali.

"Mama Zawadi, nani anakatakata mizizi ya hii miti?"

"Hakuna muntu. Niko mimi peke yangu na jembe langu."

"Njo huyo. Jembe."

Alifukua udongo kwa mikono karibu na shina. Vipande vya mizizi vilionekana, vimekatika kama kamba iliyotafunwa na panya.

"Angalia hii mizizi midogo, myembamba sawa uzi," alisema. "Njo kinywa cha muti. Muzizi munene wa katikati unashika muti usianguke. Lakini chakula kingi kinaingia kwa hii midogo, nayo inakaa hapa juu, si mbali chini. Wewe unaikata kila Jumamosi. Muti unaota mingine. Jumamosi ingine unaikata tena. Nguvu yote inaisha kuponya kidonda. Ya kuzaa itatoka wapi?"

"Nilisema!" Mama Euphrasie aliita kutoka kwenye kiti chake. "Inamuogopa!"

"Mama mukubwa, leo ulipatia," Sumaili alisema.

Pélagie alitazama mikono yake. Ilikuwa na sugu za miaka minne.

"Na majani? Niache takataka shambani, watu wanicheke?"

"Wacheke. Majani yakilala chini, mvua haipigi udongo na jua haliuchomi. Yanaoza, yanakuwa chakula. Minyoo inayala, inatoboa udongo, maji yanaingia. Wewe umefagia mpaka minyoo imehama. Umebaki na uwanja, mama. Uwanja hauzai kahawa."

"Basi mizizi isikatwe hata kidogo?"

"Inakatwa, lakini kwa kipimo." Sumaili alikwenda katikati ya mistari miwili, pale ncha za matawi zinapoishia. "Hapa udongo umeshindiliwa, mizizi haiwezi kupita. Tunachimba mufereji hapa, mbali na shina, kina cha goti. Tunachimba wakati mvua inaanza, muti usione kiu. Muzizi unaokutana nao, ukate na panga kali, mara moja, usiuchane. Kisha jaza majani, mavi ya mbuzi na udongo wa juu. Pale ulipokata, itatoka mizizi mipya mingi, itaingia kwenye chakula laini. Vile vipande vilivyokatwa vitaoza, vitaacha njia za maji. Lakini sikia. Upande mumoja tu. Upande wa pili unabaki kulisha muti. Utaugusa mwaka kesho, si mbele ya hapo."

Walichimba mstari wa kwanza pamoja. Mistari mingine Pélagie aliimaliza mwenyewe, siku baada ya siku, upande mmoja tu. Jembe alilitundika. Magugu aliyafyeka juujuu kwa panga, na karibu na shina aliyang'oa kwa mkono. Wapita njia walisimama tena.

"Mama Zawadi amechoka! Shamba limekuwa pori!"

Baada ya miezi michache majani mapya yalitoka, ya kijani kibichi. Alifunua kidogo matandazo kwenye mfereji, akaona mizizi myeupe, mingi kama nywele. Alichukua udongo akaunusa. Ulinuka msitu. Mstari ulio karibu na nyumba ulitangulia mingine yote. Ulitoa maua, na maua yakashika punje ndogo, za kijani. Pélagie alizigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anavyogusa shavu la mtoto aliyelala.

Kisha Désiré akaja na neno jingine.

"Mukataba wa Anaclet unaisha kiangazi hiki. Wanataka aweke kidole kwa mupya, wa miaka miwili. Anauliza, kahawa imezaa? Inatosha kodi, arudi?"

"Ukirudi safari ijayo nitakuonyesha," Pélagie alisema.

Hakulala vizuri baada ya hapo. Alihesabu punje na kuona ni chache. Aliwaza hivi: kama upande mmoja umeleta haya, pande zote nne zitaleta nini? Mvua zilikuwa zinaelekea kukoma. Hakumwita Sumaili. Alishika jembe, akachimba kuzunguka kila mti wa mstari ule wa karibu na nyumba. Alichimba karibu na shina, akakata mizizi pande zote.

Mama Euphrasie alisimama mlangoni.

"Munita alisema upande mumoja."

"Munita hana mume Pangi, Mama."

Wiki ile ile jua likawaka. Majani yalilegea, yakakunjamana, yakaanguka. Punje zilikauka zikawa nyeusi. Upepo mmoja wa jioni uliangusha baadhi ya miti, kwa sababu haikuwa na kitu cha kushikia. Iliyobaki ilikufa imesimama.

Sumaili alipofika, alitembea mstari mzima, mti kwa mti. Pélagie alikuwa ameketi chini, ameshika tawi kavu.

"Nilitaka arudi," alisema.

Munita alivua kofia yake.

"Muti haujui kama unamungojea muntu," alisema. "Unajua maji na chakula tu. Simama, mama. Mistari mingine iko hai."

Désiré aliporudi, hakuwa na la kuonyeshwa. Alipeleka neno lile lile la zamani, na safari hii hakucheka. Anaclet aliweka kidole.

Pélagie alifuata mafundisho. Aliacha majani yalale. Mvua mpya zilipoanza, alichimba upande wa pili, mbali na shina, akajaza mbolea. Mwaka uliofuata hakukata mzizi wowote, aliiacha miti ipumzike. Ikampita kichwa. Ikachanua, shamba lote likawa jeupe, na harufu yake ikafika mpaka kivukoni. Punje zikawa nyekundu. Aliyeliita shamba lake pori alikuja kuomba afundishwe.

Walipokuwa wakichuma, lori lilipiga honi. Anaclet aliteremka. Nywele zake zilikuwa na mvi. Pélagie aliacha kikapu, akabaki palepale kwenye mstari. Mume ndiye aliyekuja. Walitembea shambani pamoja, majani makavu yakilia chini ya miguu yao. Karibu na nyumba, Anaclet alisimama mbele ya nafasi tupu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Hapa njo nilikungojea vibaya," Pélagie alisema.

Kahawa ya mwaka ule ililipa kodi, na Anaclet hakupanda lori tena. Lakini jembe la kila Jumamosi na haraka ya wiki moja vilikula hivi: mavuno mawili ambayo hayakuchumwa. Mstari mzima wa miti kumi na minane. Miaka miwili mingine ya Anaclet machimboni. Na Zawadi, aliyekuwa na miaka sita siku ile alipoambiwa amsalimie baba yake, akamtazama, akaitazama kofia kwenye msumari, kisha akajificha nyuma ya nyanya yake.