Taulo Lenye Uzi Mwekundu

Kitu cha kwanza Dobi alichokiona cha kijana yule kilikuwa soksi. Kapu la jezi chafu za timu ya mpira ya chuo lilipoletwa kwenye chumba cha kufulia, soksi zote zilikuwa zimegeuzwa ndani nje, zimejiviringa kama viazi, isipokuwa jozi moja. Hiyo ilikuwa imenyooshwa, imekunjwa mara mbili, na kwenye kisigino imeandikwa saba kwa wino. Dobi aliishika kwa muda kabla ya kuitumbukiza kwenye maji. Alikuwa na miaka miwili akifua nguo za wachezaji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfikiria wakati wa kuvua soksi.

Mwenye soksi Dobi alimwona wiki hiyohiyo. Chuo kilikuwa kimefungwa miezi minne kwa ajili ya ugonjwa wa mapafu uliokuwa umeenea kila mahali, na sasa kilikuwa kimewafungulia wanamichezo peke yao. Asubuhi lango la uwanja lilijaa watu. Chini palichorwa maduara meupe ili kila mtu asimame mbali na mwenzake, lakini vijana walisimama popote, barakoa zikiwa kidevuni. Mlinzi aliwaelekezea kipimajoto kwenye paji la uso mmoja mmoja. Aliyezidi thelathini na saba na nusu alirudishwa.

Dobi alipita katikati yao na beseni, amevaa gauni lake la kazi la bluu, kilemba cha njano na barakoa aliyoishona kwa kitambaa kilichobaki kwenye kilemba hicho. Mtu alimgonga kiwiko. Jezi tatu zikaanguka.

Kijana mrefu aliinama kuziokota.

"Usiguse," Dobi alisema. "Zimeshafuliwa."

"Na mimi nimeshaoga."

Dobi alimtazama, akaona namba kwenye mgongo wake alipogeuka. Saba. Akaendelea kumtazama.

"Mbona unaniangalia kama doa?" Saba aliuliza.

"Doa nalijua litatokaje. Wewe bado."

Nyuma yao golikipa wa timu, ambaye mikono yake ilifika karibu na magoti, alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye na Saba walilala chumba kimoja na kula sahani moja. Dobi aliondoka haraka. Hakuwa mtu wa maneno, na hakujua yale mawili yalikuwa yametoka wapi.

Tangu siku hiyo Saba alikuwa haishi kwenye dirisha la kufulia. Mara amepoteza kifungo, mara anauliza kama jezi imekauka ilhali anaiona kwenye kamba. Alipata namba ya simu, akaanza kupiga kila mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umenifikiria?"

"Nimefikiria soksi zako."

"Basi nakupenda. Umesikia?"

"Haya," Dobi alijibu, kama anayeambiwa mvua itanyesha. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila neno tamu. Akikata simu alikaa amefumba macho, uso wote unamwaka.

Lakini hofu haikumtoka. Nyumbani alikuwa na mama mwenye pumu. Kila jioni alivua gauni la kazi uani, akaoga, ndipo akamwamkia mama akiwa amesimama mlangoni. Jezi ishirini na mbili zilizolowa jasho la watu zilipita mikononi mwake kila siku, na hakuna aliyejua nani mzima, nani mgonjwa.

Wachezaji nao waliogopa. Golikipa aliandika barua: wapimwe wote kila wiki, na anayeumwa apumzike bila kupoteza nafasi yake. Kumi na saba walitia sahihi, Saba akiwemo. Kocha aliisoma mbele yao, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Anayeogopa, lango liko wazi," alisema. "Benchi limejaa wanaosubiri."

Saba aliinamisha kichwa. Chuo kilimsomesha kwa sababu alicheza. Siku ambayo angeacha kucheza, kitanda chake cha bweni na kiti chake darasani vingepewa mwingine.

Moja ya kazi za Dobi ilikuwa mataulo madogo. Aliyalowesha, akayakamua, akayaviringa na kuyalaza kwenye jokofu, ili baada ya mazoezi kila mchezaji apate lake la kujipoza. Yote yalikuwa na namba ya wino. La Saba pekee lilikuwa na uzi mwekundu pembeni, alioushona yeye mwenyewe.

"Langu halina uzi, Dobi," Golikipa alilalamika. "Nimekosa nini?"

"Soksi zako."

Jumatatu ya wiki ya fainali, Saba alikuja dirishani kabla foleni haijaanza.

"Nipe taulo langu."

"Sasa hivi? Hata hujakimbia."

"Natafuta sababu ya kukuona."

Dobi alimpa, akatabasamu ndani ya barakoa. Jumanne alikuja tena. Jumatano alipokuja alilichukua bila utani na kuondoka. Dobi alibeba beseni kuelekea kwenye kamba nyuma ya ukuta, na hapo akamwona. Saba alikuwa amechuchumaa pembeni, taulo amelibana kwenye paji la uso kwa mikono miwili, midomo ikihesabu. Kisha akajifuta kwa mkono wa jezi, akaingia kwenye foleni.

"Thelathini na sita na pointi mbili," mlinzi alisoma. "Pita, simba."

Beseni lilimlemea Dobi ghafla. Taulo aliliviringa yeye. Uzi aliushona yeye.

Mchana kapu lilipoletwa, alitafuta jezi namba saba. Vidole vyake vilijua uzito wa kila jezi baada ya mazoezi, na hii ilikuwa kama imeopolewa kisimani.

"Amekimbia sana leo?" alimuuliza Golikipa.

"Nani, Saba? Raundi mbili tu, akakaa kashika kifua. Amesema amekula vibaya."

Dobi alipiga simu. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuanza.

"Unaumwa?"

"Mafua tu, mpenzi."

"Nimekuona nyuma ya ukuta."

Dobi alisikia pumzi ya Saba, fupifupi, kama ya mtu aliyepanda ngazi.

"Jumamosi tu," Saba alisema. "Jumamosi ikipita nitalala wiki nzima, utaniletea uji. Nisipocheza fainali wananifuta."

"Na kifua?"

"Kifua kina wewe ndani, ndiyo maana kizito." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Kilipokwisha alisema kwa sauti ndogo, "Kesho niwekee mawili."

"Haya," Dobi alisema.

Na aliyaweka kweli. Asubuhi yalikuwa mawili kwenye jokofu, magumu, meupe. Alisimama mbele ya jokofu mpaka ubaridi ukamfika kifuani. Alijua Saba akija dirishani na macho yale, atampa. Basi alifunga dirisha, akavuka uwanja mbio hadi ofisi ya muuguzi, chumba kidogo kilichonukia spiriti.

"Namba saba ana homa," alisema akiwa bado mlangoni. "Anapoza paji kwa taulo kabla ya kupimwa. Na kifua kinamuuma."

Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, aliweka kalamu chini. "Umejuaje, mwanangu?"

"Taulo ni langu. Tafadhali mama, usiseme ni mimi."

"Sitasema."

Asubuhi hiyo muuguzi mwenyewe alisimama langoni. Aliwaketisha wote kwenye benchi dakika kumi, mikono magotini, kisha akawapima kwapani. Saba alikuwa na thelathini na tisa.

Walimpeleka hospitali. Alikuwa na ule ugonjwa, na tena misuli ya moyo ilikuwa imevimba. Daktari alimkataza kukimbia kwa miezi mitatu, hata ngazi apande polepole. "Ungecheza Jumamosi," daktari alianza, kisha akatazama karatasi zake na hakumaliza.

Timu ilicheza bila yeye, ikafungwa mawili kwa bila. Jioni hiyo vijana walianza kutafuta aliyesema, na hawakutafuta mbali. Nani aliandika barua? Nani alilala naye chumba kimoja?

Saba alitengwa peke yake katika bweni la mwisho, ghorofa ya pili. Chini ya dirisha lake kulikuwa na kamba za Dobi. Walizungumza kwa simu huku wakionana.

"Leo umevaa kilemba cha njano," alisema. "Ukiinama kuchukua shuka, jua linakuja na kuondoka."

"Kunywa dawa."

"Nimekunywa. Mpenzi, Golikipa amenichongea. Mtu niliyekula naye sahani moja. Nimeizuia namba yake."

Dobi alikuwa na vibanio viwili mdomoni. Alivitoa. "Labda si yeye."

"Nani mwingine? Wewe?" Saba alicheka.

Hapo ndipo pa kusema. Dobi aliinua shuka na kulibana kwenye kamba, likawa kama ukuta kati yao.

"Haya," alisema. "Nina mashuka mengi."

Baada ya siku hiyo hakupokea tena simu zake. Kila ilipolia aliiangalia ikitembea juu ya meza ya kupigia pasi mpaka ikanyamaza. Saba huko juu alihesabu sababu zake mwenyewe. Siku ya kumi alituma ujumbe: "Kama unaogopa ugonjwa, nimepona. Kama ni kwa kuwa sichezi tena, niambie tu, sitakusumbua." Dobi aliusoma polepole, mara tatu, akijikuta amekalia kapu la nguo chafu. Hakujibu.

Wiki ya tatu, Golikipa alikuja dirishani na begi. Alitoa glavu, jezi mbili, bukta, akavipanga juu ya meza. Soksi zake zilikuwa zimenyooshwa na kukunjwa mara mbili.

"Nani amekufundisha?" Dobi aliuliza.

"Saba, zamani. Nilikuwa nambishia." Alifunga zipu ya begi tupu. "Pokea vyote. Naacha timu."

"Kwa nini?"

"Hawanipi mpira mazoezini. Nikiingia bwalo la chakula, meza inahama. Niliandika ile barua ili tusiumie, sasa mimi ndiye msaliti wao. Baki salama, Dobi."

Alitoka kuelekea langoni. Dobi alizitazama zile soksi, mikono yake ikidondosha maji ya sabuni.

Nje foleni ilikuwa ndefu na kimya. Baada ya taarifa ya muuguzi, uongozi wa chuo ulikuwa umekubali kupima kila wiki, na anayeumwa kutunziwa nafasi yake. Siku hizi kila kijana alisimama ndani ya duara lake. Karibu na mlinzi alikuwepo Saba, siku yake ya kwanza kutoka, amekuja kuchukua karatasi ya daktari. Alikuwa amekonda. Koti la kijivu lilimning'inia mabegani, zipu imefungwa mpaka kidevuni. Golikipa alipopita mbele yake, Saba aligeuza uso.

Dobi aliinua ubao wa meza, akatoka. Hakukumbuka kufuta mikono.

"Golikipa, simama," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikanaswa kwenye barakoa. Akairudia. "Simama. Si wewe."

Foleni yote iligeuka.

"Aliyemwambia muuguzi ni mimi. Taulo lilitoka kwangu. Yeye hakujua chochote. Mnitukane mimi."

Mlinzi alishusha kipimajoto. Dobi aligeuka akarudi ndani, akasimama nyuma ya meza yake, akashika ukingo wake kwa mikono miwili.

Kupitia dirisha aliona Saba akitembea, polepole kama alivyoagizwa, hadi kwa Golikipa.

"Ndugu yangu, nimekukosea."

"Wiki tatu," Golikipa alisema. "Hata salamu."

"Najua."

Golikipa alitazama uwanja, akautazama tena uso uliokonda mbele yake. Akamtupia begi miguuni. "Basi libebe, kama unajuta."

"Daktari amenikataza kubeba vitu."

"Hata kuomba msamaha huwezi." Lakini sauti yake ilikuwa imelainika, na alipoliokota begi hakwenda nalo langoni. Aliingia kwenye foleni, akasimama ndani ya duara. Kijana wa mbele yake alisita, kisha akamwinamishia kichwa.

Saba alikuja dirishani. Alifungua zipu ya koti, akatoa taulo lenye uzi mwekundu, akaliweka juu ya meza, limekunjwa mara mbili.

"Nimelifua mwenyewe," alisema. "Halijatakata."

Dobi alilitazama. Kweli halikuwa limetakata.

"Nilidhani umenichoka," Saba alisema. "Kumbe ulikuwa unanikimbia kwa ajili ya hili." Alisubiri. "Jambo moja tu nataka kujua. Kwa nini hukuniambia mimi kwanza?"

Dobi aliinua macho. Safari hii hakusema "haya".

"Ungeniomba taulo jingine, na ningekupa," alisema. "Ningekupa kwa sababu nakupenda. Ndiyo maana nilikwenda kumwambia mtu asiyekupenda."