Ni Fundi Tu, Mama

Foleni ya malori pale Rusumo ilikuwa imefika mpaka kwenye maduka. Sauda alipenya katikati ya moshi, gauni lake la zambarau amelikusanya mkononi. Alikuwa karani wa wakala wa forodha, binti wa wafanyabiashara wa Biharamulo mjini. Dukani aliomba waya wa kuunganisha kompyuta na amplifaya. Muuzaji akampa usio wenyewe.

"Huo utakurudisha kesho, dada," ilisema sauti nyuma yake. "Chukua huu. Pini moja inaingia kwenye kompyuta, hivi vichwa viwili, chekundu na cheupe, kwenye amplifaya."

Msemaji alikuwa Danstan, fundi redio kutoka Murusagamba, kijana mrefu mwenye shati la pasi na vidole vilivyoungua kwa kuchomelea.

"Na nikikosea?"

"Utanipigia."

"Kwa namba ipi?"

"Hiyo ndiyo shida iliyobaki."

Sauda akacheka, wakapeana namba. Jumamosi Danstan alifika kwake, akachomeka waya kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta. Spika zikavuma kama nyuki. Akahamishia kompyuta na amplifaya kwenye soketi moja, mvumo ukakatika. Kisha akaweka taarabu.

"Hata pumzi ya mwimbaji naisikia!" Sauda alishangaa.

Jumamosi zikawa zao. Sauda akamwita "fundi wangu", Danstan akamwita "bosi". Miezi sita ikapita. Sauda akaahidi kuwaambia nyumbani habari za mapenzi yao baada ya Idi.

Jumamosi moja simu ya mtandaoni ikaita kwenye kompyuta. Alikuwa mama yake Sauda.

"Pokea hapo hapo, mpenzi," Danstan alisema. "Tusikie sauti ya mtu inavyotoka."

Sauda alisita, akabonyeza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sauda, nasikia kuna kijana wa Kihangaza, Mkristo, habanduki kwako. Ni nani?"

Sauti ilijaa chumba kizima. Sauda alimtazama Danstan.

"Ni fundi tu, mama. Anatengeneza redio."

Danstan akakusanya bisibisi zake, moja moja.

"Danstan, mama ana presha! Nilitaka nimwambie ana kwa ana!"

"Miezi sita, Sauda."

Danstan hakupokea simu zake tena. Wiki iliyofuata alifunga kibanda chake cha ufundi, akahama.

Sauda alikwenda Biharamulo, akamweleza mama yake kila kitu. Mama alilia, akamnunia wiki kadhaa, mwishowe akasema, "Mlete nimwone."

Sauda alimtafuta Danstan mpaka akamkuta Nyakahura, siku ya soko, kando ya barabara, ameinamia redio iliyofunguliwa. Danstan alipoinua uso, macho yalimng'aa, kisha yakazima.

"Mama amekubali kukuona," Sauda alisema, akihema.

"Nimeshamchumbia Avelina, binti wa hapa. Ndoa imetangazwa kanisani."

"Unampenda?"

Danstan akairudia redio, akakaza skrubu.

"Hajawahi kunikana."

Sauda akauvuta mtandio mdomoni. "Ungepokea simu moja tu."

"Nawe ungelitaja jina langu tu."

Gari la Rusumo lilikuwa linaita abiria. Sauda akapanda, akakaa dirishani, akalia bila kujificha. Mteja alimuuliza Danstan kama redio imepona. Yeye alisimama pale pale, macho barabarani, mpaka gari likapotea.