Mikono Inabana

Kitambaa kilikuwa kimoja, cha kijani chenye maua meupe, na waliokishika walikuwa wawili.

"Kaka, niachie. Mimi ndiye niliyekiona kwanza."

"Umekiona kwanza, nimekishika kwanza," alijibu kijana mrefu, shati lake limejaa vumbi la sponji. "Halafu hiki ni cha kochi, dada yangu."

"Kochi! Huoni hili ni gauni?"

Soko la vitambaa lilikuwa likisukumana, wapagazi wanapiga kelele wapishwe, na wao wamesimama njiani wakivutana kama watoto. Mwenye duka alichoka, akawakatia nusu kwa nusu. Kila mmoja akaondoka na kipande kisichotosha gauni wala kochi, pamoja na namba ya simu ya mwenzake. Msichana akamwita kijana Makochi, kijana akamwita Sindano, na majina ya nyumbani wakawaachia wazazi.

Sindano alikuwa ameacha kazi ya kiwanda cha nguo na kufungua duka lake la ushonaji. Hakuna aliyemwambia kwamba kujiajiri kuna upweke wake. Kiwandani msimamizi alifoka, lakini walau alikuwepo wa kufoka. Hapa alikuwa yeye na cherehani. Siku mteja hajaingia, alikunjua vitambaa akavikunja tena, na mama yake akipiga simu humwambia, "Mambo mazuri mno, mama." Makochi peke yake, ambaye sasa walikuwa wapenzi, ndiye aliyemshtukia kwenye simu.

"Leo sauti yako imepinda, mpenzi."

"Imepinda wapi? Wateja wamejaa hadi mlangoni."

"Basi waambie wasogee. Niko hapo nje na chai yako."

Kisha akaja shangazi yake Makochi, mama wa mwili ulioshiba na sauti ya kusikika mtaa wa pili. Alishonesha gauni, akarudi kwa jingine, na jingine. Sindano alichangamka, nyimbo zikarudi mdomoni. Akaanza kuamini kwamba anaweza.

Hadi siku walipoalikwa chakula kwa shangazi, Sindano akatumwa kabatini kuleta kitambaa cha meza. Magauni yote aliyomshonea yalikuwa humo, yamekunjwa vizuri, hayajavaliwa hata mara moja.

"Nani alimtuma dukani kwangu?" alimuuliza Makochi walipotoka, machozi yanamlenga.

Makochi hakujua kudanganya. "Mimi. Sikutaka ukate tamaa."

"Kumbe nashonea huruma!"

Hakupokea tena simu zake. Alimpenda, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akafunga duka, akawaza kurudi kiwandani kuomba nafasi yake. Asubuhi alipokuwa akifungasha nyuzi, mlango ukagongwa kwa kiganja kisicho na aibu. Alikuwa shangazi, magauni kwapani, na Makochi nyuma yake kama mtu aliyekamatwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe mtoto, mikono inabana!"

"Nini?"

"Magauni yako! Rangi naipenda, kiuno kimekaa utadhani nimezaliwa nacho, lakini kila nikiyajaribu, nikiinua mkono kama nasalimia watu, kwapa linalia. Nilitaka kuja kulalamika, huyu akanifunga mdomo eti nitakuvunja moyo. Alinileta kwa gauni la kwanza tu. Mengine nilijileta mwenyewe, nikitumaini hili halitabana!"

Sindano akaligeuza gauni ndani nje, akatazama bega. Akajishika kichwa. Alimpima kila mteja kifua na kiuno, lakini mkono aliukata kwa mazoea ya kiwandani, kipimo kimoja kwa watu wote. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Nisamehe," Makochi alisema. "Nilidhani ukikosolewa utaumia."

"Nimeumia zaidi kwa kufichwa. Panapobana, niambie, mpenzi wangu."

"Basi leo nakwambia. Bila wewe panabana." Akatoa mfukoni kipande cha kijani chenye maua meupe. "Kochi sikulifunika. Nusu yako ipo?"

"Ipo."

"Ukiziunganisha, gauni la bibi harusi halitoki?"

Shangazi alishindwa kuvumilia. "Jibu basi, mtoto!"

Sindano akashusha nusu yake kutoka rafuni, akazitandaza zote mbili mezani, ua kwa ua, akachukua chaki.

"Mikono nitaiweka mipana," akasema. "Siku hiyo nitakumbatiwa na watu wengi."