Mkono wa Jemadari Usiku

Kila jioni mama aliporudi kutoka hospitali, alikaa kwanza karibu na mlango, akavua viatu, akanyamaza. Hakuwa muuguzi; alikuwa dobi, mfuaji wa mashuka ya wagonjwa. Binti yake, aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, alijua kwamba saa hiyo si ya kupiga soga.

"Pole na kazi, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu," mama alijibu, ingawa sauti ilisema vingine.

Kaka yake Chiriku alikuwa fundi simu. Kwenye rafu chumbani mwake alisimama Jemadari Usiku, adui katili wa katuni moja ya Kijapani: sanamu ya plastiki yenye joho jeusi, macho mekundu, upanga mkononi, na viungo vinavyokunjika kuanzia shingo mpaka vidole. Mteja mmoja alimpa kaka sanamu hiyo kama zawadi, baada ya kaka kuokoa picha za marehemu mzazi wa mteja huyo kutoka kwenye simu iliyokufa.

"Mashujaa wana watu wengi wa kuwapigia makofi," kaka alizoea kusema. "Huyu ana mimi tu." Tena aliweka sharti: kutazama ruksa, kugusa hapana.

Chiriku aligusa. Wenzake darasani walikataa katakata kwamba Jemadari anakunja vidole, naye hakupenda kuitwa mwongo. Akamtia mkobani, akaenda naye shule. Wakati wa mapumziko Jemadari alipita mkono kwa mkono, kila mmoja akitaka kuuinua upanga wake, mpaka ukasikika mlio mdogo kama wa kijiti kikavu. Mkono wa kulia ukang'oka begani.

Alipofika nyumbani, Chiriku aliuchomeka mkono mahali pake, akaufunika kwa joho, akamrudisha Jemadari kwenye rafu. Hakumwambia mtu.

Siku ya mapumziko yake, badala ya kulala, mama aliamua kupangusa vumbi chumbani mwa kaka. Kitambaa kiligusa joho tu, mkono ukaanguka. Kaka aliporudi mchana, mama alikuwa ameketi, kiganja wazi, kile kimkono kimelala katikati.

"Nisamehe, baba," alisema. "Nimekivunja kitu chako. Wala sikusikia kama nimekigonga."

Kaka alikichukua kile kimkono. "Si neno, mama. Ni plastiki tu." Lakini uso wake ulikuwa umesawajika.

Mama aliigeuzageuza mikono yake iliyochubuka kwa sabuni. "Mikono hii imezoea mashuka mazito. Vitu vidogo haivihisi tena. Labda nimeshachakaa mimi." Alipomiminiwa chai, alishika kikombe kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu asiyejiamini.

Chiriku alitazama kikombe kile. Adhabu ya kaka aliiogopa, lakini hili lilikuwa zito kuliko adhabu.

"Mama, si wewe," alisema. "Mimi ndiye niliyempeleka Jemadari shule. Aliharibikia huko. Nilimchomeka tu ili asionekane."

Kisha kaka akaenda kuchukua bisibisi zake ndogo. Alilifungua bega, akakuta kijipini cha ndani kimekatika, akakata kipande cha waya na kukiweka badala yake. Mkono ukakunjika tena, ila haukuinuka hadi juu kama zamani.

"Upanga wake utaishia kifuani," alisema bila kumtazama dada yake. "Na chumbani kwangu usiingie mpaka nikuite."

"Sawa, kaka. Nisamehe."

Mama alimvuta binti yake karibu. Hakufoka, hata nguvu za kufoka hakuwa nazo.

"Kuvunja kitu ni bahati mbaya, mwanangu, humpata yeyote. Lakini ulipoficha, kosa halikutoweka. Lilitafuta mtu mwingine wa kumkalia, likanikuta mimi, nami nina mizigo yangu ya kutosha. Leo nilianza kuiogopa mikono yangu mwenyewe, hii inayowalisha. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajakubebea."

"Nimekuelewa, mama."

"Haya. Sasa niacheni nijinyooshe kidogo," mama alisema, akajilaza mchana ule ule, na hakuna aliyemwamsha.