Usinywe, Baba

"Kadii, una wazimu wewe? Jana ulikuwa wapi?"

Mastura hata hodi hakupiga. Aliingia uani kwetu Ganda, buibui lake limejaa vumbi, akanikuta natwanga mahindi. Yeye ni mwana wa mji, Malindi ndani. Tulisoma pamoja mpaka kidato cha sita, na mwaka ule wa 1986 tulituma siku moja maombi yetu ya ufadhili wa masomo.

"Jana nilikuwa hapa. Kwani kuna nini?"

"Jana ilikuwa usaili Mombasa! Umeitwa jina mara mbili, Kadii! Mimi ndiye niliyewajibu kuwa hujafika."

"Usaili gani? Mimi sikupata barua."

"Sote tuliandikiwa. Barua za rejista."

Niliuegemeza mchi ukutani.

Kwetu Ganda hakuna aliyekuwa na sanduku la posta. Mimi niliandika nambari ya sanduku la duka moja la vifaa vya ujenzi mjini, kwa sababu karani wake, mwenye ufunguo wa sanduku, alikuwa Thoya, mchumba wangu. Ningemwamini nani zaidi yake? Miezi mitatu nikimwuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Hakuna, mpenzi. Hizo ni za watoto wa wakubwa. Sisi tujipangie maisha yetu." Nikachoka, nikakubali. Jumamosi ya wiki hiyo wazee wake walikuwa waje na kadzama, mnazi wa posa.

Na nilichoomba hakikuwa kidogo. Miaka mitatu ya kusomea upimaji ardhi Nairobi: karo, malazi, vitabu, hata nauli ya kurudi nyumbani likizo, vyote juu ya wafadhili. Baba yangu amelima shamba lile tangu ujana wake na hana karatasi hata moja inayosema ni lake. Nilitaka siku ya kupimwa, mwenye kushika kamba niwe mimi. Masomo ya namna hiyo mtoto wa mkulima haletewi mlangoni, huyapata kwa kuomba. Mimi niliomba.

Tulikwenda mjini mbio mbio. Mjomba wake Mastura, Bwana Athman, alitupa simu ya dukani kwake. Nikapiga ofisi ya wafadhili, Mombasa.

"Kadii Lewa? Barua yako ilipokewa wiki tatu zilizopita, binti. Risiti ya posta ninayo hapa, imetiwa sahihi. Thoya Katana."

Nilishusha simu nikamtazama Mastura.

"Haloo? Upo? Jumatatu tutawaona wachache waliopatwa na udhuru. Njoo na vyeti vyako saa mbili asubuhi. Usipokuja, nafasi atapewa mwengine."

Niliweka simu chini nikaenda moja kwa moja kwa Thoya. Nilimkuta akipima misumari.

"Thoya, barua yangu iko wapi?"

"Barua gani tena, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi! Ile uliyoitilia sahihi."

Alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Kadii, wateja watasikia."

"Wasikie!"

"Nimeichoma."

"Umefanya nini?"

"Nimeichoma! Ulitaka nifanyeje? Uende Nairobi miaka mitatu, urudi na mwanamume wa suti, mimi nimebaki hapa na misumari? Nakupenda, ndiyo maana."

"Mwizi wa kuku naye anampenda kuku, Thoya."

"Sema utakavyo. Usaili umeshapita. Jumamosi wazee wanakuja, na baba yako atakunywa. Ameshaanza kuniita mkwe."

Habari ya Jumatatu hakuijua, nami sikumwambia. Nyumbani pia sikusema neno. Nilitaka akiri mwenyewe mbele ya watu wazima, asije akageuza maneno kesho yake. Siku mbili nilipika na kufagia, na kila nilichoshika nilikishika kwa kishindo, mpaka mama akaniuliza sufuria zimenikosea nini.

Jumamosi wakaja. Mzee Katana mbele, wazee wenzake nyuma, Thoya ndani ya shati jipya, na mtungi wa mnazi umefunikwa vizuri. Sisi Wagiriama, baba hanywi mnazi ule mpaka amwulize binti yake mbele ya wote. Binti akisema kunywa, amekubali kuolewa, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Baba alichota kata moja. Mnazi ulikuwa mtamu, nilijua kwa harufu, na baba anapenda mnazi.

"Kadii, mwanangu. Mnazi huu ninywe?"

"Usinywe, baba."

Watu wakatazamana. Mzee Katana akacheka kidogo.

"Mtoto anaona haya. Mwulize tena."

"Shikamoo, mzee, lakini haya sina. Nina hasira. Thoya, waambie wazee barua yangu uliipeleka wapi."

"Mambo ya barua si ya hapa," Thoya alisema.

"Barua ipi?" baba akauliza.

"Ya chuo, baba. Ilifika. Aliipokea yeye, akaichoma."

Baba aliiweka kata chini. Baba yangu hajui kusoma. Lakini kila Ijumaa ya miezi ile mitatu alitoka Ganda kwa miguu mpaka dukani kwa Thoya kuulizia barua ya mwanawe, na kila Ijumaa Thoya alimpa kiti akamnunulia soda.

"Thoya, ni kweli?"

"Mzee, nilifanya kwa mapenzi..."

"Nakuuliza, ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Mimi si baba yako! Umeninywesha soda, ukaniambia 'Mzee, bado haijafika', nami nikakushukuru! Nikakuombea kwa Mungu, mimi mjinga! Mzee Katana, wewe sina ugomvi nawe. Ila beba mnazi wako. Mwanangu amesema nisinywe, na kiu yenyewe imenitoka."

Walibeba mtungi wao wakaondoka. Mzee mmoja, ambaye nadhani alifuata mnazi tu, alikaribia kulia. Thoya alibaki nyuma, akanifuata mpaka nyuma ya nyumba.

"Kadii, nisamehe. Usaili umepita, na mimi umenifukuza. Sasa umebaki na nini?"

"Nimebaki na Jumatatu. Wananingoja Mombasa."

Kama ningeweza kuuweka uso wake ule kwenye fremu, ningeuweka.

Jumatatu saa mbili kamili nilikuwa mbele ya meza yao, watu watatu, mama mmoja wa miwani katikati.

"Kwa nini hukuja wiki iliyopita?"

"Aliyetaka kunioa alichoma barua yenu."

Walitazamana. Mama yule akavua miwani.

"Na bado unataka kusoma?"

"Sasa ndiyo zaidi."

Waliniuliza ramani, wakaniuliza hesabu za pembe, karibu saa nzima. Nilijibu kwa hasira, na hasira siku hiyo ilikuwa na akili kuliko mimi. Dada zangu, ombeni. Msiseme ni za watoto wa wakubwa, hayo ni maneno ya wanaotaka mbaki. Ukikosa umepoteza stempu tu, ukipata umejitoa mikononi mwa watu.

Wakanitoa nje, wakaniita tena.

"Nafasi ni yako, Kadii Lewa. Utaanza Septemba," mama wa miwani alisema, kalamu mkononi. "Barua rasmi tuitume kwa sanduku gani la posta?"

"Msiitume, mama," nikavuta kiti nikaketi. "Nitangoja hapa hapa mpaka ipigwe taipu."